Dakika Tano za Nje

Mara ya pili walipokifikia kibanda cha chai, Mwatima aliwaambia wenzake kwamba hapo walikuwa wameshapita. Walimcheka. Ndaro, aliyeketi mbele kando ya dereva, aligeuza shingo akamwambia, "Mwatima, tangu tutoke mjini hatujakata kona hata moja. Mtu anayekwenda mbele atapitaje pale pale mara mbili?" Salhina, aliyeketi naye kiti cha nyuma, alikuwa anaimba, wala hakuacha kuimba ili acheke, alivifanya vyote viwili kwa pumzi moja. Aliyenyamaza ni Kombo peke yake. Kombo ndiye aliyeshika usukani, na wale watatu walikwishazoea kwamba dereva husema anapotaka.

Kila Jumamosi, nyumba zikishafungwa, Kombo alikuwa akiwapitia na gari lake jeupe lenye viti vya kitambaa. Alipiga honi moja fupi kwa kila mmoja, wakatoka wakinyata kama wezi, na safari ikaanza. Hawakuwa na pa kwenda, na raha yao ilikuwa hiyo. Walikwenda mpaka taa za mji zikaisha, wakateremsha vioo, wakaimba, wakabishana mambo yasiyo na faida, wakanywa chai mahali wasipojulikana na mtu, na alfajiri wakarudi kila mmoja kwake na macho mekundu na moyo mwepesi. Miaka saba walikuwa wakifanya hivyo. Mama yake Mwatima, mwanamke mpole aliyekaribia miaka sabini na mbili, humsikia bintiye akitafuta viatu gizani, na kila mara humwuliza kutoka kitandani, "Mnakwenda wapi?" Naye hujibu, "Popote, mama." "Na popote ni wapi?" Mwatima hucheka akafunga mlango taratibu. Hakupata kulijibu swali lile hata mara moja, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo lilivyomkera, kama punje ya mchanga ndani ya kiatu.

Alikuwa karani katika ofisi ya vizazi na vifo. Mchana kutwa aliandika tarehe za watu: huyu ameingia siku fulani, yule ametoka siku fulani. Alikuwa na mwandiko mzuri, wa duara, na wakubwa wake walimsifu kwa mwandiko huo kana kwamba kufa kwa mtu kunapungua uchungu kukiandikwa vizuri. Jioni vidole vilimuuma. Usiku wa Jumamosi ndio uliokuwa hauandikwi popote, na ndani ya gari la Kombo alijiona mtu asiye na tarehe mbele wala nyuma, mwenye miaka thelathini na minne inayoweza kubaki thelathini na minne maadamu magurudumu yanazunguka.

Lakini usiku huu ulikuwa na kitu. Saa ya gari ilionyesha saa nane na robo, na Mwatima alikumbuka kuiona ikionyesha saa nane na robo kabla Salhina hajaanza wimbo wake wa kwanza. Ameimba nyimbo ngapi tangu hapo? Arubaini? Mia? Aliteremsha kioo, akakipandisha, akakiteremsha tena. Mguu wake wa kulia ulikuwa unatikisika wenyewe. Alijaribu kukumbuka asubuhi ya Jumapili iliyopita, akapata asubuhi nyingine ya zamani. Alijaribu kukumbuka walivyoondoka usiku huu, na akakumbuka honi tu.

Kombo aliegesha kando ya kibanda, penye pampu moja ya mafuta, akashuka. Siku zote alikuwa anashuka yeye. Hawakupata kukubaliana hivyo. Ilitokea tu, kama inavyotokea katika kila kundi kwamba mmoja ndiye anayeamka kufungua dirisha na wengine ndio wanaosema kuna joto. Wao walibaki vitini wakimpigia kelele dirishani.

"Yangu tangawizi nyingi!"

"Mimi chapati mbili, Kombo, moja usiikunje!"

Mwenye kibanda aliitwa Tunu. Mara ya kwanza walipopita, Mwatima alimwona vizuri kwenye mwanga wa karabai: msichana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, mwenye nywele za kusuka na ulimi mwepesi, aliyemtania Kombo kwamba gari lake linanuka wimbo. Sasa kwenye mwanga ule ule palisimama mama mnene, mvi zimemwingia kwenye paji la uso, lakini ulimi ni ule ule.

"Mlisema mnarudi sasa hivi," alimwambia Kombo. "Nimewawekea chai ikapoa, nikaimwaga, nikabandika nyingine, nikaolewa, nikaachika."

Ndaro alipiga goti lake kwa kicheko. "Mwanamke huyu ana maneno!"

Mwatima hakucheka. Alimtazama Kombo akirudi na vikombe vinne kwenye sinia, anatembea polepole, unyayo ukiipapasa ardhi kabla ya kuikanyaga. Alipofika alimnyooshea Mwatima kikombe, ila mkono wake ulisimama shibri moja kushoto kwa dirisha, ukangoja pale hewani upokewe. Mwatima alitoa mkono akaufuata. Chai ilikuwa haina sukari ya kutosha, akamwambia hivyo, na Kombo, bila kunung'unika, akarudi kibandani kufuata sukari.

Wakaondoka. Giza la nje halikuwa na kilima wala mti, lilikuwa giza tu, na barabara ilitokea ndani yake hatua chache mbele ya taa, kana kwamba ni taa zinazoitengeneza. Nani anatupeleka? aliwaza Mwatima, na alishangaa kwamba wazo hilo lilimjia kwa sauti ya mama yake. Tunasema tunakwenda. Hatuendi. Tunapelekwa. Tumekaa, tumeshika vikombe, na mtu mmoja anageuza gurudumu nasi tunageuka naye, na kwa kuwa tunacheka tunadhani tumechagua. Kama angetaka kututupa mtoni, tungejua tukiwa tumelowa. Na mbona hatujawahi kuogopa? Ni kwa sababu tunampenda? Au ni kwa sababu kumwamini mtu ni rahisi kuliko kutazama njia? Popote ni wapi. Popote ni wapi. Funga kioo. Fungua kioo.

Ndipo alipowaona ng'ombe.

Walikuwa wamelala juu ya lami, kumi au zaidi, wakiota joto lililobaki la jua. Macho yao yalimeta kwenye taa. Walikuwa mbali bado, mtu yeyote angewaona, na Mwatima alingoja gari lipunguze mwendo. Halikupunguza. Alimtazama Kombo kwenye kioo cha ndani. Uso wake ulikuwa umetulia, umeelekezwa mbele, na macho yalikuwa wazi, na ndani ya yale macho palikuwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda.

"Ng'ombe!" alipiga kelele. "Kombo, ng'ombe! Breki!"

Kombo alikanyaga breki kwa mguu wote. Gari lilipiga kelele, likapinda, vikombe vikaruka, Salhina akagonga kichwa kwenye kiti cha mbele. Liliposimama, fahali mmoja alikuwa hatua mbili kutoka kwenye taa, anawatazama kwa dharau. Aliinuka taratibu, wenzake wakamfuata, wakajiondokea.

Kisha Ndaro, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha hesabu na hakupenda jambo lisilo na sababu, alipunga mkono mbele ya uso wa Kombo. Kombo hakupepesa.

"Huoni," alisema Ndaro.

"Naona mwanga na giza," alisema Kombo. "Vingine nilikuwa nakumbuka tu. Barabara imenyooka."

"Tangu lini?"

"Tangu kikombe cha pili."

"Usinifanyie mzaha!"

"Sikufanyii mzaha, Ndaro. Ndani humu usiku ni mmoja. Huko nje siku zinakwenda. Mara ya kwanza nilipomfuata Tunu nilirudi na jino linauma, na nilipotoka humu lilikuwa zima. Mara ya pili, wakati nangoja chapati, nilisikia mvua za masika zikinipita mgongoni, na kiangazi, na masika tena. Nilidhani ni homa. Dakika tano za nje zina miaka ndani yake. Ninyi hamjui kwa kuwa hamjashuka."

"Na ukanyamaza," alisema Ndaro.

"Mlikuwa mnacheka. Ningesema nini? Kwamba mmoja wenu ashuke?"

Mwatima alitazama mikono ya rafiki yake juu ya usukani. Wote wanne walikuwa rika moja. Walianza darasa la kwanza mwaka mmoja. Mikono ile ilikuwa ya mtu wa miaka sitini, mishipa imesimama, ngozi imelegea kwenye vifundo. Alikumbuka kikombe chake. Alikumbuka kwamba alimrudisha kwa ajili ya sukari. Sukari ile ilikuwa miezi mingapi? Alitaka kuuliza, na aliogopa kwamba Kombo angejibu.

Kuna hasira inayotoka kwa mtu aliyedhulumiwa, na kuna hasira inayotoka kwa mtu aliyegundua kwamba amekuwa akidhulumu bila kujua. Hii ya pili ina kelele zaidi. Ndaro alipaza sauti, akamwita Kombo mwongo, akasema alikuwa anakwenda kuwaua wote, akasema habari ya miaka na mvua ni upuuzi wa mtu anayeficha ugonjwa wa macho. "Nitashuka mimi," alisema, "nitembee mpaka nimpate mtu mwenye akili. Tuone kama nitaota mvi!" Alishuka, akaubamiza mlango, akaanza kutembea katikati ya barabara, mabega juu, akimulikwa na taa za gari.

"Mwache, atarudi," alisema Salhina, anajifuta damu kidogo kwenye paji.

Lakini Mwatima alikuwa anamtazama. Baada ya hatua ishirini nywele za Ndaro zilipungua kisogoni. Baada ya hatua hamsini shati lilikuwa limemlegea mwilini. Hakuwa anajua; alikuwa bado anatembea kwa hasira, anapunga mkono mmoja kama anaendelea kubishana, na mgongo wake ulikuwa unainama kidogo kidogo kama mshumaa karibu na moto.

"Ndaro!" alipiga kelele. "Rudi!"

Hakusikia. Mwatima alirukia kiti cha mbele. Hakuwa dereva, alijifunza zamani akaacha. "Sogea," alimwambia Kombo, na Kombo akasogea bila kushuka, akapita juu ya gia kwa tabu, magoti yakilia. Mwatima aliushika usukani. Ulikuwa na joto la mikono ya mwenzake, na ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Kwanza gari lilizimika. Kisha likaruka. Kisha likaenda, polepole, nyuma ya Ndaro, likimmulikia njia yake ya kuzeekea.

"Unaona nini?" aliuliza Kombo.

"Namwona yeye."

"Yukoje?"

"Ni mzee, Kombo."

Kombo aliinamisha kichwa. "Basi tupo wawili," alisema, na katika sauti yake palikuwa na huzuni, na nyuma ya huzuni palikuwa na kitu ambacho Mwatima hakutaka kukipa jina: palikuwa na faraja.

Salhina aliwashika mabega yote mawili kutoka nyuma. Katika wote yeye ndiye aliyezipenda zaidi safari hizi. Alikuwa na mume aliyehesabu maneno yake na nyumba isiyoimbwa, na Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku yake nzima. Zile sita nyingine zilikuwa za kuingoja. "Mrudisheni ndani," alisema. "Mvuteni hata kwa nguvu. Tukae humu. Mafuta yapo, tangi limejaa. Kombo asishuke tena, hakuna atakayeshuka tena, tusinywe chai, chai ya nini? Humu ndani hatuzeeki. Mwatima, hunisikii? Humu ndani hatufi!"

"Na tunakwenda wapi?"

"Tangu lini umeanza kuuliza?"

Mwatima alisimamisha gari. Tunu alikuwa msichana, akawa mama mwenye mvi. Tangu kikombe cha kwanza mpaka cha pili ilipita miaka mingapi huko nje? Ishirini? Thelathini? Na tangu cha pili mpaka hapa? Mama yake alikuwa anakaribia sabini na mbili walipoondoka. Alipiga hesabu hiyo mara moja, na mara ya pili hakuthubutu. Kalamu ya nani ilimwandika? Yule kijana wa meza ya pili ofisini, mwenye mwandiko mbaya? Au hakuna aliyeandika, kwa kuwa wa kuandika alikuwa njiani, anaomba sukari?

"Kama ni mama yako unayemfikiria," alisema Salhina taratibu, naye alikuwa rafiki wa kweli kwa hiyo alijua pa kuchoma, "huko nje ameshakufa. Humu ndani bado yupo kitandani, anakuuliza unakwenda wapi. Ukishuka utamzika. Ukikaa hajafa. Unashukia nini?"

Mwatima alijua tu kwamba mguu wake uliokuwa ukitikisika usiku kucha ulikuwa umetulia. Aliondoa mikono kwenye usukani, akashuka.

Alidhani itauma. Haikuuma. Ilikuja kama usingizi unavyokuja, kwa sehemu: kwanza magoti, kisha kiuno, kisha vidole, ambavyo vilijikunja kidogo kama vimeshika kalamu. Upepo wa msimu mmoja ulimpiga usoni, na kabla haujamalizika wa msimu mwingine ukaanza. Mahali fulani ndani ya upepo ule alijua kwamba mama yake amezikwa. Alijua bila kuambiwa, akalia palepale barabarani kwa sauti, kilio cha mwanamke mzima, na miaka ilimpita alipokuwa analia, mpaka kilio kikawa cha zamani, kikawa kitu alichokizoea. Upande wa pili Kombo naye alikuwa ameshuka, anapapasa ubavu wa gari kwa kiganja. Mwatima alimfuata akamshika mkono.

Salhina alibaki. Walimwona akihamia mbele, akajifunika uso kwa viganja, kisha akaviondoa. "Nisameheni," alisema kupitia dirishani. "Mimi siwezi." Gari likawapita, likampita Ndaro, taa zake nyekundu zikawa mbili, zikawa moja, zikaisha.

Walimkuta Ndaro ameketi kando ya lami, amevua viatu. Hasira ilikwisha zamani. Aliwatazama kwa muda, akawatambua mmoja mmoja, akatikisa kichwa. "Nilikukosea, Kombo," alisema. "Nimekuwa nikitaka kukwambia kwa miaka mingi."

"Umeniudhi robo saa iliyopita," alisema Kombo.

"Basi robo saa yangu ilikuwa ndefu."

Walicheka, kicheko cha wazee, chenye kikohozi mwishoni. Wakatembea watatu, Kombo katikati. Giza halikuwa tupu kama lilivyoonekana kutoka ndani. Palikuwa na harufu ya majani yaliyokatwa, palikuwa na vyura, palikuwa na mbwa anayebweka mbali, maana yake palikuwa na nyumba. Mwatima alimwambia Kombo kila alichokiona: jiwe hapa, shimo pale, nyota zile. Hakuna aliyepata kumtaka aseme anachokiona, na aligundua kwamba anaweza.

Mwanga uliwatokea nyuma, ingawa gari lilikwenda mbele, kama kibanda kilivyowarudia mara ya pili. Walisogea kando. Gari jeupe lilikuja polepole likasimama ubavuni mwao, na mwanamke kijana mwenye jeraha bichi kwenye paji akachungulia dirishani.

"Shikamooni wazee wangu," alisema Salhina. "Samahanini kuwasimamisha. Kuna wenzangu watatu nimewaacha hapa sasa hivi, hata dakika kumi hazijapita. Wanaume wawili na mwanamke mmoja, rika langu. Nimekwenda kidogo nikashindwa. Hamkuwaona?"

Kombo aligeuza uso upande wa sauti ile, na machozi yalimtoka kwenye macho meupe.

"Marahaba, Salhina," alisema Mwatima.

Mkono wa Salhina ulikaza usukani. "Umenijuaje, bibi?"

"Nilikuwa nimeketi kando yako. Ukiimba, unafunga jicho moja."

Salhina alimtazama mwanamke yule mzee. Aliwasha taa ya ndani ya gari ili amwone vizuri, na taa ile haikummulikia Mwatima. Ilimmulikia yeye, uso wake laini kwenye kioo, peke yake kati ya viti vitatu vitupu. Alitoa sauti ndogo. Kisha aliingiza gia, na gari likaondoka kwa kishindo, likayumba, likaingia gizani likiwa na taa ya ndani bado inawaka.

Walisimama. Ndaro alikaa chini tena. Mngurumo ulikwenda ukawa mdogo, ukawa kama nyuki chumbani, na Mwatima alikuwa anausikiliza usiishe na anaomba uishe, vyote pamoja.

Ukakatika.

"Amefika mbali," alisema Ndaro.

"Hapana." Kombo aliinua kidole wanyamaze. Masikio yake ndiyo yaliyobaki mazima katika mwili wake wote. "Amezima. Na mlango umefunguliwa."

Mwatima aliweka viganja mdomoni akaliita jina la Salhina. Ndaro akainuka akaita. Kombo akaita. Wakaendelea kuita kwa zamu, bila kuacha nafasi, ili mwenzao akitembea kurudi asiipoteze njia, na ili atakapofika awe amezisikia sauti zao mpya kwa muda wa kutosha kuzizoea.